Usipige Windows Upya: Mwongozo Kamili wa Kuiokoa Kompyuta ya Zamani ya Dukani

Ujumbe ninaoupokea zaidi ya wote hauzidi mistari mitatu. Umeme ulikatika usiku. Asubuhi kompyuta ya dukani ikagoma, akaitwa fundi, fundi akasema Windows imekufa, akapiga nyingine. Sasa kompyuta inawaka vizuri, ila programu ya stoo haipo na madeni ya wateja wote yamekwenda nayo. Nifanyeje?

Ukifika hapo, kilichobaki cha kufanya ni kidogo sana. Kinachoniuma ni kwamba katika kompyuta nyingi za namna hii nilizozifungua hapa Moshi, Windows ilikuwa hai. Kilichokufa ni kibetri cha saa, na kwa sababu yake mpangilio mmoja ukabadilika. Marekebisho yake ni ya dakika kumi. Fuata mwongozo huu kabla hujamruhusu mtu yeyote kufomati. Na kama wewe ndiye fundi, uufuate kabla hujamfomatia mtu.

Nazungumzia kompyuta za mezani za kuanzia kama 2003 hadi 2010, zenye Windows XP, zile za mtumba zilizojaa Moshi na Arusha. Hadi leo zinatoa hati za mizigo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, zinakata stika, zinaendesha mashine za kudarizi. Watu humdhania mwenye nayo ni bahili. Wakae nayo dukani siku moja waone. Programu nyingi za stoo za miaka ile ziliandikwa kwa mtindo wa DOS, mfumo wa kabla ya Windows wa kuandika amri kwa maneno tu, na Windows za sasa za biti 64 haziziendeshi kabisa. Printa ya Epson LX-300 inaunganishwa kwa plagi pana ya pini 25 ambayo laptop mpya haina, na waya wa kugeuza kuwa USB hausaidii programu inayoitafuta LPT1, yaani tundu la zamani la printa, kwenye anwani yake ya zamani. Tena printa ya sindano ndiyo inayogonga karatasi ya nakala tatu kwa mkupuo mmoja: ya mteja, ya dereva, ya duka. Printa ya wino haigongi chochote, inapaka juu tu.

Hata kwa wenzetu hali ni hiyo. Mwaka 2016 gereji moja ya Gdańsk, Poland, ilikuwa bado inasawazisha mashafti ya magari kwa Commodore 64, kompyuta ya miaka ya 1980, na mwaka 2015 huko Grand Rapids, Marekani, kompyuta ya Amiga ya miaka hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikiongoza joto na hewa ya shule 19. Mashine inayofanya kazi yake haina deni kwa mtu.

## Kwa nini "hufa" umeme ukikatika

Elewa hili kwanza, maana hatua zote zinalitegemea.

Tarehe, saa na mipangilio ya BIOS, ile programu ndogo inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, hukaa kwenye kumbukumbu ndogo inayotaka umeme muda wote. Kompyuta ikiwa imechomekwa ukutani, hata kama umeizima, pawasaplai huendelea kuilisha volti 5 za kusubiria. Ikichomolewa, kazi hiyo inabaki kwa kibetri cha CR2032 kilichopo kwenye madabodi.

Kibetri kinaweza kuwa kimekufa miaka mitano iliyopita usijue, kwa kuwa kompyuta haijawahi kukaa bila umeme zaidi ya dakika chache. Siku unakatika usiku kucha, mipangilio inafutika. Asubuhi BIOS inaanza na mipangilio ya kiwandani, na kwenye kompyuta nyingi hiyo siyo ile ambayo Windows XP iliwekwa nayo. Windows inatafuta diski kwa njia iliyoizoea, haiioni, inatoa skrini ya bluu. Diski haina shida. Data ipo yote.

## Vifaa

Kusanya hivi vyote kabla ya kuanza. Wengi wanaokwama, wanakwama katikati kwa kukosa kimoja.

- Simu yenye kamera nzuri
- Kibetri kipya cha CR2032. Kinapatikana hata kwa mafundi saa wa barazani. Mwombe akupimie kwa mita: kipya kiwe juu ya volti 3. Vya bandia vipo vingi.
- SSD mpya, yaani diski isiyozunguka, ya GB 120 au 240, ya umbo la SATA (plagi nyembamba)
- Adapta mbili za kuunganisha diski kwa USB. Ile ya diski ya zamani lazima iwe na chaja yake ya volti 12, maana diski kubwa ya mezani haiwaki kwa umeme wa USB peke yake.
- Kama diski yako ya zamani inatumia utepe mpana wa waya, yaani IDE: adapta ya kuisoma hiyo, na nyingine ya kuigeuza SSD iingie kwenye utepe huo
- Laptop yoyote inayokubali kuwaka kwa fleshi
- Fleshi mbili: moja utaandika SystemRescue, mfumo wa bure wa uokoaji unaowasha kompyuta bila Windows, kwa kutumia programu ya Rufus, nyingine iwe tupu
- Bisibisi ya nyota, brashi laini ya kupakia rangi, blowa ndogo, kifutio cha penseli
- Karatasi, kalamu na gundi ya karatasi

Tenga siku ambayo duka halifunguliwi. Kazi hii ukiifanya mteja amesimama kaunta, utaruka hatua.

## Hatua ya 1: Usichomoe waya. Piga picha kwanza

Kama kompyuta bado inawaka, hii ndiyo hatua yenye thamani kuliko zote, na ndiyo inayorukwa na kila mtu.

Iwashe upya, na mara tu skrini inapotoa maandishi ya kwanza, bonyeza Del mfululizo. Kama haikubali, jaribu F2, kisha F10. Utaingia kwenye BIOS, ukurasa wa bluu au wa kijivu wenye maandishi tu.

Pita kila ukurasa na upige picha. Kila ukurasa, hata ule usiouelewa. Palipo na alama ndogo ya pembetatu pembeni ya neno pana ukurasa mwingine ndani yake. Bonyeza Enter, piga picha, rudi kwa Esc. Usikose hizi:

- tarehe na saa
- "SATA Mode" au "SATA Operation": imeandikwa IDE, ATA, AHCI au RAID?
- "Parallel Port": anwani yake, kwa kawaida 378, na hali yake: SPP, EPP au ECP
- "Floppy Drive A"
- orodha ya "Boot", nini kinaanza na nini kinafuata
- "Restore on AC Power Loss" au neno linalofanana nalo

Ukimaliza, toka kwa "Exit Without Saving" au "Discard Changes". Ukiulizwa kama unataka kuhifadhi, kataa.

Sasa fungua picha zako kwenye simu, uzikuze, uone kama herufi zinasomeka. Skrini za zamani za kioo kinene huacha mstari mweusi kwenye picha. Rudia mpaka isomeke. Umefaulu mtu mwingine akizisoma picha hizo bila kukuuliza.

Kama umechelewa na kompyuta imeshagoma, endelea tu na hatua ya 2. Kwenye hatua ya 5 nitakuonyesha jinsi ya kuyapata majibu bila picha.

## Hatua ya 2: Nakili diski nzima kabla ya kugusa kitu kingine

Diski iliyozunguka miaka 15 kwenye vumbi la Moshi imeshatimiza wajibu wake. Inaweza kuendelea miaka mitatu, inaweza kufa leo jioni. Kwa hiyo kabla ya usafi, kabla ya betri, tunachukua nakala kamili: Windows, programu, madeni, vyote kama vilivyo, punje kwa punje. Kunakili mafaili kwa kukokota na mausi hakutoshi. Programu za zamani hutawanya vitu vyake sehemu nyingi, na utakachokisahau ndicho kitakachohitajika.

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, fungua kasha, toa diski. Piga picha ya waya kabla ya kuzichomoa. Kama ni ya IDE, usiguse kile kijipini kidogo kilichopo nyuma karibu na plagi. Kinaiambia kompyuta diski hii ni ya kwanza au ya pili.

Iunganishe diski ya zamani kwenye laptop kwa adapta yake. Weka sikio karibu. Unatakiwa usikie mzunguko unaopanda taratibu kisha ukatulia. Ukisikia "tak, tak, tak" isiyoisha, zima hapo hapo. Diski hiyo vichwa vyake vinagonga, na kila dakika unayoiacha inawaka inazidi kuharibika. Hiyo ni kazi ya mtaalamu wa kuokoa data, na mwongozo huu haukuhusu tena kwa leo.

Ikitulia, unganisha SSD mpya na ile fleshi tupu, kisha washa laptop kwa fleshi ya SystemRescue. Ikifika kwenye mstari wa kuandikia, andika:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL

Itakuja orodha ya kila diski iliyounganishwa. Hapa tulia. Diski ya GB 80 itaonekana kama 74.5G, na SSD ya GB 120 kama 111.8G, hesabu ya kompyuta ni tofauti na ya kwenye boksi. Itambue kila moja kwa ukubwa wake, kwa sababu safu ya modeli mara nyingine huonyesha jina la adapta badala ya diski. Chukua karatasi uandike kwa mkono: ya zamani ni ipi, mpya ni ipi, fleshi ni ipi. Tuseme ya zamani ni sdb, mpya ni sdc, na fleshi tupu ni sdd. Kwako majina yanaweza kuwa mengine kabisa.

Nasisitiza karatasi kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuyageuza majina haya. Ilikuwa diski ya mama mmoja mwenye duka la dawa za mifugo. Nilifanya kazi kwa kumbukumbu ya kichwa, usiku, nikiwa na haraka, nikaimwaga SSD tupu juu ya diski yake. Tulikaa wiki tatu tukiingiza upya ankara kutoka kwenye vitabu vya nakala, yeye akisoma mimi nikiandika, na alichoniambia siku ya mwisho ni "mwanangu, siku nyingine andika." Toka siku hiyo naandika.

Sasa amri yenyewe. Kwanza ifungue fleshi ya kuwekea kumbukumbu ya kazi:

mount /dev/sdd1 /mnt

Kisha nakili. Cha kwanza kuandikwa ni chanzo, cha pili ni kinakokwenda:

ddrescue -f -n /dev/sdb /dev/sdc /mnt/ramani.map

Kabla ya Enter, soma mstari huo kwa sauti, kidole kikiwa kwenye karatasi yako. "Kutoka sdb ya zamani, kwenda sdc mpya."

Kwa USB ya kawaida, GB 80 huchukua kama dakika 45 diski ikiwa nzima. Amri hii inachukua kwanza yale maeneo mazima na kuyaruka yaliyoharibika, ndiyo maana naipenda kuliko programu za kunakili zinazosimama kwenye kosa la kwanza. Ikimaliza, irudie hivi ili ikajaribu yale yaliyorukwa:

ddrescue -f -d -r3 /dev/sdb /dev/sdc /mnt/ramani.map

Lile faili la ramani ndilo linaloikumbusha imefikia wapi. Umeme ukikatika katikati, hutaanza mwanzo. Unarudia amri ileile na ramani ileile. Lakini ukiwasha laptop upya, fungua tena lsblk kwanza, maana majina yanaweza kubadilishana.

Umefaulu ukiona "Finished" na asilimia 100 mbele ya neno "rescued". Ikiwa ni 99.99, bado usikate tamaa. Mara nyingi kipande kilichokosekana hakina kitu muhimu. Baadaye utaendesha chkdsk, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, kwenye nakala. Kwenye diski ya zamani, kamwe usiiendeshe. Ile sasa ni kumbukumbu, haiandikwi kitu.

## Hatua ya 3: Usafi na ukaguzi

Kasha lipeleke nje barazani. Vumbi letu, hasa wakati wa kiangazi, ni laini kama unga wa sembe, linaingia hadi kwenye mapezi ya kipoza joto na kuganda kama blanketi. Lililegeze kwa brashi, kisha lipulize kwa blowa. Shika feni kwa kidole lisizunguke unapopuliza. Utakuta mayai ya mende, pengine mjusi mkavu. Vyote viondoe.

Chomoa RAM, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli, futa unga wa kifutio, rudisha mpaka vishikizo vya pembeni vijifunge vyenyewe. Kompyuta nyingi zinazolia bip bip bila kuwasha skrini zinaponea hapa.

Kisha chukua tochi uangalie yale mapipa madogo yaliyosimama kuzunguka prosesa. Ni kapasita. Kichwa chake kinatakiwa kiwe bapa kama kifuniko cha soda. Kikiwa kimevimba, au kina ukoko wa kahawia, ndicho kinachoizima kompyuta ovyo kukiwa na joto. Usiitupe madabodi. Mpelekee fundi redio mzuri, mwambie aweke zenye uwezo uleule, volti ileile au zaidi, za nyuzi 105.

Kipoza joto cha prosesa mimi sikigusi kama kompyuta haijizimi kwa joto. Ukilazimika, iwashe kwanza dakika chache pesti ilainike, izime, chomoa, kisha kizungushe kidogo kulia na kushoto kabla ya kukiinua. Kwenye baadhi ya Pentium 4 na AMD za zamani, ukikivuta kwa nguvu kinang'oka na prosesa yenyewe, na pini zinapinda. Pesti mpya ni kiasi cha punje ya mchele, basi.

Pawasaplai usiifungue. Ndani yake kuna umeme wa volti zaidi ya 300 unaobaki hata baada ya kuchomoa. Puliza kwa nje tu. Ila angalia nyuma yake: kama kuna swichi ndogo nyekundu, lazima isome 230. Mashine zilizotoka Marekani huja zikiwa kwenye 115, na ukichomeka hivyo kwenye umeme wetu utasikia mlipuko kabla hujaondoa mkono.

## Hatua ya 4: Kibetri na diski mpya

Waya wa umeme ukiwa umechomolewa, sukuma kile kishikizo kidogo, kibetri kinaruka chenyewe. Kipya kiweke upande wenye alama ya + ukitazama juu. Pima cha zamani kama una mita. Chini ya volti 2.7 kilikuwa kimekwisha.

Sasa funga SSD mahali pa diski ya zamani. Usiunganishe zote mbili. Windows ikiamka na kukuta diski mbili zenye utambulisho mmoja, inaweza kuchanganya herufi za C na D, na utapata tabu ambayo hukuwa nayo.

## Hatua ya 5: Rudisha mipangilio

Hapa ndipo "Windows imekufa" huzaliwa, kwa hiyo tutakwenda polepole.

Ukiwasha, kompyuta itasema "CMOS checksum error" au kitu cha namna hiyo na kukuomba ubonyeze F1. Usishtuke, ndivyo inavyotakiwa baada ya kubadilisha kibetri. Ingia BIOS, fungua picha zako, na urudishe kila kitu kama kilivyokuwa, ukurasa kwa ukurasa.

Tarehe na saa. Anza na hii, na usifungue programu ya stoo kabla hujaihakiki. Kompyuta inayoamini ni Januari 2002 itakutolea hati za 2002, na programu nyingi hupanga madeni kwa tarehe. Hati tano tu za namna hiyo zinatosha kuvuruga mahesabu ya mwezi.

Hali ya SATA. Huyu ndiye mshitakiwa mkuu. Windows XP haikuja na kiendeshi cha AHCI, njia mpya zaidi ya kompyuta kuongea na diski; IDE ndiyo ya zamani. Kama iliwekwa BIOS ikiwa kwenye IDE, na sasa kibetri kimefanya BIOS irudi AHCI, utaona nembo ya Windows, kisha mwako wa bluu, kisha kompyuta inajiwasha upya, tena na tena. Bluu inapita haraka usiweze kuisoma. Bonyeza F8 kabla ya nembo, chagua "Disable automatic restart on system failure", na skrini itasimama. Ukiona STOP: 0x0000007B, rudi BIOS, badilisha AHCI iwe IDE, au ATA, au Compatible, au Legacy; kila mtengenezaji ana neno lake. Hifadhi, toka. Kama ilikuwa RAID au AHCI kwenye picha zako, basi fanya kinyume. Huna picha? Jaribu moja baada ya nyingine. Chaguo ni mawili au matatu, na kuyajaribu hakufuti kitu kwenye diski.

Mangi mmoja wa Mbuyuni aliniletea kasha lake amelibeba begani, ameshaambiwa na watu wawili kwamba litafomatiwa. Nilimwomba akae. Nikaingia BIOS, nikashuka mistari minne, nikabadilisha neno moja, nikabonyeza F10. Ile mlio ya Windows XP ya kufungulia ilipotoka hakusema kitu. Aliivuta kibodi kwake, akafungua programu, akaandika jina la mteja wake wa Rombo anayemdai saruji, na deni likaja kama lilivyo.

Floppy. Ukiona "Floppy disk(s) fail (40)", BIOS inatafuta kisoma floppy ambacho hakipo. Weka Drive A kuwa None.

Orodha ya kuanzia. "NTLDR is missing" au "Disk boot failure" mara nyingi ni fleshi iliyosahaulika kwenye USB, au SSD haijawekwa ya kwanza. Chomoa fleshi, panga orodha.

Umeme ukirudi. Kama kompyuta yako ilikuwa inajiwasha yenyewe umeme ukirudi, rudisha "Restore on AC Power Loss" kuwa On.

Umefaulu Windows ikifunguka, tarehe ikiwa sahihi, na programu ikikuonyesha mauzo ya mwisho uliyoyafanya kabla ya kuigusa. Sasa zima, chomoa waya ukutani, kanywe chai dakika 30, uchomeke tena. Tarehe ikibaki sahihi, kibetri ni kizima. Jaribio hili usiliruke.

## Hatua ya 6: Printa

Zima kompyuta na printa zote mbili kabla ya kuchomeka ule waya mpana. Hii si USB. Ukichomeka zikiwa zimewaka unaweza kuua tundu la LPT, na kompyuta yote ikakosa maana.

Ijaribu printa peke yake kwanza: kwenye LX-300 shikilia kitufe cha LF/FF huku ukiiwasha. Ikigonga mistari ya herufi, printa ni nzima. Herufi zikiwa hafifu ni utepe. Zikiwa na mstari mweupe katikati unaojirudia, kuna sindano isiyogonga.

Kisha kwenye kompyuta fungua dirisha jeusi la amri, andika:

echo JARIBIO > LPT1

Neno likigongwa, njia iko wazi. Lisipogongwa na printa umeiona ni nzima, rudi BIOS uangalie "Parallel Port": huenda imezimwa, au anwani si 378, au hali imebadilika. Kwa programu za DOS, mimi huanza na SPP, kisha EPP.

## Hatua ya 7: Iishi miaka mingine

Weka UPS, kile kisanduku cha betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika, hata ile ndogo ya 650VA, na uichomoe ukutani mara moja kwa mwezi uone inahimili dakika ngapi. Betri yake huchoka baada ya miaka miwili au mitatu bila kukuaga. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, radi zikianza chomoa kila kitu. Sasa unaweza kuchomoa bila hofu, kibetri ni kipya.

Usiiunganishe na intaneti. Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, na haiwezi kujilinda. Hatari kubwa zaidi kwetu, lakini, ni fleshi. Fleshi iliyoingia steshenari kuprintiwa barua ya mtoto wa shule isije ikaingia hapa. Tenga moja ya kuchukulia nakala ya folda ya programu kila Jumamosi, iwe na rangi yake, ikae kwenye droo ya fedha.

Kuhusu gharama, kompyuta ya aina hii ikila wati 100 kwa saa kumi ni unit moja ya LUKU kwa siku. Mwenye duka apige hesabu mwenyewe kama kazi inayoifanya inazidi hiyo.

## Hatua ya 8: Karatasi ndani ya kasha

Andika kwa mkono yale sita ya hatua ya 1, ongeza tarehe ya leo, bandika kwa gundi upande wa ndani wa mfuniko wa kasha. Simu hupotea na picha zake. Fundi atakayekuja miaka sita ijayo, hata kama ni wewe mwenyewe umeshasahau, akifungua mfuniko atakuta "SATA: IDE. LPT: 378, SPP. Floppy: None" na hatafomati kitu.

Diski ya zamani ifunge kwenye mfuko wa karatasi, andika juu yake jina la duka, tarehe, na maneno "NAKALA, USIFUTE". Iweke nyumbani, mbali na duka.